Usiku wa Leso

Juzi, kwenye arusi huko Tudor, wanawake walipiga vugo. Kijiti kiligonga pembe ya nyati, ko, ko, ko-ko, wenzangu wakajifuta machozi ya furaha, nami nikakaa na sahani ya biriani mapajani, sihisi kitu. Ndivyo nilivyo kila nisikiapo pembe. Mnisamehe.

Pembe ya kwetu ilikuwa ya Nyanya, mamake mama, tuliyekaa naye Mji wa Kale. Kila hadithi yake ilikuwa na wimbo, na kila wimbo aliupigia pembe hiyo. Mama hakushika hata mmoja. Wa kurithi nilikuwa nimebaki mimi tu. Lakini hadithi zilingoja Magharibi. Nyumba nzima ilijua kwamba anayesimulia mchana huota mkia.

Basi alasiri moja natoka chuoni kusoma Kurani, namkuta amefunga madirisha na kutundika leso zake za kujifunga kila penye mwanga. Jasho linamtiririka.

"Ndoo, mwanangu, keti hapa. Paukwa!"

"Nyanya, si bado mtana?"

"Humu ndani ni usiku. Itika."

"Pakawa," nikaitika, huku nacheka.

Ikawa hivyo kila alasiri. Katika joto lile la asumini na jasho alisimulia mbiombio, akaurudia wimbo mpaka niushike, akanipa kijiti nipige mwenyewe. Nikikosea, hunifinya sikio. Siku za mwanzo nilimchungulia nyuma ya kanga, nione kama mkia umeota. Nilidhani ni mchezo wa kulihadaa jua.

Kisha jioni moja, baada ya swala, nikaketi mkekani kumngoja. Mwishowe nikachoka kungoja. Nikamchokoza, "Paukwa!"

"Pakawa," akaitika Nyanya, akakunja miguu, akanikodolea macho, akangoja.

Nikasimulia. Nikaimba, nikapiga pembe. Kila niliponyamaza aliuliza, "Kisha?" Hadithi yake mwenyewe, na hakujua mwisho wake. Sikulia. Kitu kilikufa ganzi moyoni mwangu, na hadi leo hakijaamka.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Akili ya Nyanya ilikuwa ikimtoroka jua likizama, na yeye alilijua hilo kabla yetu sote. Alikuwa amebakiwa na mchana tu, ndipo akajitengenezea usiku kwa leso.

Jana adhuhuri binti yangu aliniomba hadithi. Sikumwambia angoje Magharibi. Niliinuka, nikafunga madirisha.