Kitanda cha Kila Asubuhi

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa Kiingereza aliandika sentensi ubaoni: mama ana-"make" kitanda kila asubuhi. Mimi si mtu wa kuinua mkono. Siku hiyo niliinua, kwa kuwa neno hilo tulifundishwa ni kutengeneza, na baba yangu ni seremala hapa Suneka.

"Mwalimu, ni baba," nilisema. "Na kimoja humchukua karibu wiki nzima."

Darasa lilicheka. "Kwao mama analalia maranda!" mmoja akapaza sauti.

Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba kitenzi hicho hubadilika kulingana na nomino kinayoandamana nayo. Kikiwa na chai, unapika. Kikiwa na kelele, unapiga. Kikiwa na kosa, umekosea. Kikiwa na kitanda, mara nyingi hakuna mbao wala misumari. Unatandika tu.

Jioni nilimsimulia mama. Hakujua Kiingereza, lakini jambo hilo lilimfurahisha sana. Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kunyoosha blanketi na kukunja pembe mbili za upande wa ukutani, alimwita baba.

"Fundi! Nimetengeneza kitanda. Njoo ukague."

"Hicho chako ni cha siku moja," baba alijibu. "Changu kinadumu."

"Chako bila changu ni mbao tu."

Mwaka jana mama alifariki. Tangu tumzike, baba hakulala tena chumbani. Alihamishia godoro kwenye karakana yake kando ya barabara, akawa analala katikati ya vitanda ambavyo havijapata wanunuzi. Kule kuna baridi. Alianza kukohoa, nami niliogopa kwamba hatarudi nyumbani tena, nibaki peke yangu.

Chumba chao kilikaa wazi. Kila asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa vizuri, pembe mbili zimekunjwa. Usiku nilimsikia paka akikirukia, lakini kukicha blanketi halikuwa na alama yake hata moja. Nilidhani ni baba, anakuja alfajiri nikiwa nimeenda kuteka maji. Sikumwuliza.

Asubuhi moja nilimpelekea chai. Alikohoa, akasema bila kunitazama, "Uache kutandika kile kitanda. Nikija kuchukua shati nakiona, nashindwa hata kuvuka kizingiti."

"Tata," nilisema, maana kwetu ndivyo tunavyomwita baba, "si ni wewe?"

"Mimi?"

"Mimi sijakigusa."

Aliweka kikombe chini. Hakuna mwingine mwenye ufunguo wa nyumba yetu. Chai ikapoa, mteja akaja akauliza bei ya stuli na hakuna aliyemjibu.

"Kwa hivyo bado anakitengeneza," baba akasema mwishowe. Hakusema anatandika.

Jioni hiyo alifunga karakana mapema, akaja nyumbani na godoro begani. Aliliegemeza ukutani. Kwenye mlango wa chumba alivua viatu, akavipanga vizuri kama mgeni.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

Nami, nikiwa jikoni, niliacha kuosha vyombo. Baba alisubiri kwa muda ambao mgeni humsubiri mwenye nyumba amkaribishe. Kisha akainamisha kichwa, akaingia.