Tobias Were Alivyotoka Njiani

Tobias Were hakuzaliwa mlimani wala hakupenda milima. Kwao Butere kuna vilima vidogo vya kupandia viazi vitamu, na ukimwona mtu mzima anakwea mahali, ujue ng'ombe wake amepotea. Hata hivyo, kiangazi cha mwaka wa hamsini na tisa, kila Jumapili, yeye ndiye aliyewatangulia Wazungu kupanda Milima ya Ngong kwenda kutazama maua.

Wazungu hao walikuwa na chama chao. Wengi walikaa katika mitaa ya Hurlingham na Kileleshwa, na serikali iliwapa kibali cha kutembea ndani ya hifadhi ya msitu. Katibu wao alikuwa Bwana Tarrant, na Tobias alikuwa mtunza bustani wa Bwana Tarrant. Mwanzoni alichukuliwa kubeba kikapu cha sandwichi tu. Kisha Kilonzo, aliyekuwa akiongoza safari hizo, akarudi kwao Machakos kulima, na Tobias akapewa fimbo. Siku hizo kazi zilipatikana hivyo: mwenye nayo akiondoka, wewe ukawa umesimama nyuma yake.

Nasema haya mapema kwa sababu watu hupenda kumgeuza Tobias kuwa bingwa wa misitu. Hakuwa. Majina ya miti ya kule hakuyajua kwa lugha yoyote, na Wazungu walikuwa na vitabu vyao. Wakimwuliza ndege fulani anaitwaje, alisema, "Ni ndege ya huku, memsahibu," nao wakaandika. Yeye alijua kitu kimoja, nacho ni nyati. Ngong ilikuwa na nyati wakati huo, na mmoja alikuwa amemkimbiza Kilonzo hadi akaacha kiatu.

Kwa hiyo Tobias aliwawekea Wazungu sheria, na kila Jumapili kabla ya kuanza kupanda aliirudia huku ameegemea fimbo yake. Mtembee mmoja mmoja nyuma yangu. Nikitoka njiani, tokeni upande ule ule. Nikigeuza mgongo, geuzeni mgongo, msimtazame mnyama machoni. Mtu asiseme neno mpaka nirudi njiani. Wazungu, ambao siku nyingine zote za wiki ndio waliokuwa wakitoa amri, waliifurahia sana sheria hii. Waliifuata kama watoto wa shule.

Sasa Nyokabi. Nyokabi alikuwa yaya katika nyumba moja ya Kileleshwa, na lori la chama lilipopita kumchukua tajiri wake, alitoka na watoto getini ili wapunge mkono. Tobias alikaa nyuma ya lori na kikapu chake. Walianza kwa salamu. Walivyofika kwenye mapenzi ni habari yao, na kila mmoja anaisimulia kwa namna yake. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wanataka kuoana kanisani, na kilichobaki ni mama yake Nyokabi akubali. Baba yake alikuwa ameshafariki. Nyokabi alisema wazi kwamba bila neno la mama yake haolewi, hata ampende mtu vipi.

Mama huyo, Hannah, alikaa Kinoo, katika kijiji ambamo watu walikusanywa kwa nguvu wakati wa hali ya hatari. Aliuza tumbaku na maharagwe, na alikuwa mtu wa maneno machache. Tobias akaalikwa. Akavaa koti la kuazima, akapanda basi, akafika. Nyokabi alikuwa ndani anakoroga uji. Tobias alikuwa amesimama uani, kofia mkononi, mara akamwona mwanamke anakuja moja kwa moja kwenye kijia, amejitwika kuni mgongoni, uso wa Nyokabi mtupu ila wa kizee. Akajua huyu ndiye mkwe.

Kwa Waluhya, watu wa kwao Tobias, mwanamume hakutani na mama mkwe njiani. Hamtazami usoni wala hampi mkono, na akimwona mbele yake hutoka njiani, akageuka, akangoja apite. Hiyo ndiyo heshima, na Tobias aliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Miguu yake haikumwomba ruhusa. Aliruka ua akajibanza nyuma ya choo cha jirani.

Shida ni kwamba huko Kinoo mambo yana mpango. Kijana anayeposa kwanza huingia ndani, husalimu, hunywa uji, huonekana. Ya kuogopana huja baadaye, mtu akishakuwa mkwe. Alichokiona Hannah ni mwanamume aliyemtazama mara moja akatoroka.

"Mama, kwao hiyo ni heshima," Nyokabi alimweleza jioni ile, na jioni nyingine nyingi.

"Miaka hii nimeona watu wengi wakificha uso," Hannah akamjibu. "Sikuona hata mmoja aliyeficha kwa heshima."

Aliyekuwa Kinoo wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa. Askari waliwapanga watu mstari uwanjani kuwatafuta waasi, na mbele yao akaletwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Huyo wa gunia alitikisa kichwa, na aliyetikisiwa kichwa akapakiwa garini. Mumewe Hannah alitikisiwa kichwa, hakurudi. Mpaka leo hawajui nani alikuwa ndani ya lile gunia. Basi mama wa watu akaona mchumba wa bintiye anaruka ua ili asionekane uso. Mimi simlaumu hata kidogo.

"Mama amekataa kabisa," Nyokabi alimwambia Tobias getini. "Anasema hawezi kupea mtoto wake mtu hajui anakimbia nini."

"Nirudi nimsalimie?"

"Hataki kukuona. Na wewe ukimwona si utaruka tena?"

Tobias alifikiri, akakiri kwamba ataruka. Lilikuwa jambo la kuchekesha na aliliona, lakini lilimuuma. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, nduguze wote walikuwa na watoto, na hakutaka mwanamke mwingine.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumapili ile ya mwezi wa pili. Upepo wa Ngong ulivuma kama kawaida yake, majani yamekauka rangi ya mkate. Kwenye kilele cha pili njia inakuwa nyembamba: upande mmoja mteremko wa kwenda Bonde la Ufa, upande mwingine kichaka kilichojaa upupu. Tobias alikuwa mbele. Wazungu walimfuata mmoja mmoja na kofia zao na darubini zao.

Akapinda kona, akaona wanawake watatu wanapanda kutoka upande wa Wamasai. Walikuwa wanarudi kutoka kuuza tumbaku, kila mmoja na mzigo wa ngozi mgongoni, kamba imepita kwenye utosi. Wa katikati alivaa sweta ya buluu. Tobias aliijua sweta ile. Yeye na Nyokabi waliichagua pamoja kwa Mhindi wa River Road.

Angefanya nini? Nyuma yake mstari wa Wazungu, mbele yake mama mkwe, na njia ni moja. Akatoka. Akaingia kwenye upupu, akageuza mgongo, akainamisha kichwa.

Na Wazungu wakatoka. Wote, upande ule ule, mmoja baada ya mwingine, mpaka mzee mmoja wa mkongojo. Wakageuza migongo yao kwa njia, wakainama, kimya kabisa. Walidhani ni nyati.

Hannah na wenzake walisimama. Miaka saba walikuwa wakitolewa njiani wao: gari la askari likija, chini, mikono kichwani, mpaka lipite. Sasa njia ilikuwa tupu, na ukingoni mwake Wazungu wamesimama kwenye upupu kama watoto walioadhibiwa. Mmoja wa wale wanawake alinong'ona kwamba huenda ni sala yao ya Jumapili. Kisha wakaanza kupita, polepole, kwa maana mizigo ilikuwa mizito.

Wangepita wakaenda zao, ila binti mmoja katika msafara aliwashwa mno na upupu. Akachungulia. Akasema kitu kwa Kiingereza, wote wakageuka, na Bwana Tarrant akaona hakuna nyati, kuna wanawake watatu na ngozi zao.

"Tobias!" akafoka. "Nyati iko wapi?"

"Hakuna nyati, bwana."

"Kama hapana nyati, sababu gani wewe natupa memsahibu kwa upupu?"

Wanawake walikuwa bado karibu, na sauti ya Bwana Tarrant haikuwa ya siri. Wakasimama tena. Nyokabi bado humwuliza Tobias kwa nini hakusema tu kwamba nyati alikuwapo akaenda. Kazi ingebaki. Tobias humjibu, "Na mama yako anasikia? Nimwite nyati?"

Akiwa bado amegeuza mgongo, alisema kwa sauti, "Bwana, huyo mama wa sweta ya buluu ni mama mkwe wangu. Kwetu hatukutani na mama mkwe njiani. Namwogopa. Si kwa ubaya, kwa heshima. Siku ya kwanza nilimwogopa vile vile na leo nimemwogopa."

"Mama mkwe?" Bwana Tarrant akashangaa. "Tangu lini wewe iko na bibi?"

"Bado, bwana. Huyo mama bado hajanikubali."

Mzungu mmoja alicheka. Wengine walikuwa wanajikuna. Hannah hakugeuka. Alirekebisha kamba kwenye utosi wake akashika njia, na wenzake wakamfuata wakiwa wameziba midomo.

Tobias alinyang'anywa fimbo siku ile ile, chini ya mlima, mbele ya lori. Bwana Tarrant alisema mwongozaji hawezi kuwaingiza watu kwenye upupu kwa sababu ya mambo ya ukoo. Alimwacha na bustani. Lakini Tobias hakuumizwa na fimbo. Aliumizwa na lile neno. Amemwita mtu mama mkwe hadharani, mbele ya wenzake, kabla hajakubaliwa. Huko ni kumvua mtu nguo. Usiku hakulala, na Nyokabi alipotoka getini hakuweza kumtazama. Alikuwa na hakika amejimaliza mwenyewe.

Kinoo nayo haikulala. Wale wanawake wawili waliziba midomo hadi walipofika sokoni, si zaidi.

Ilikuwa karibu na Pasaka alipokuja Mungai, shemeji yake Hannah. Alimkuta Tobias anapogoa ua wa miba wa kei-apple kule Hurlingham. Alisimama nje ya geti, mzee mwenye kofia ya kujikunja, akasalimia, akaulizia mvua ya Butere, akaulizia bei ya mbegu, mpaka Tobias akataka kulia.

"Hannah anauliza," mwishowe Mungai akasema, "watu wako wanakuja lini."

Tobias aliacha makasi yakaanguka.

"Mimi mwenyewe sikumwelewa," mzee akaendelea. "Nilimwambia, si ni yule wa kuruka ua? Akasema, wale wa gunia hakuna aliyewahi kutaja jina lake. Huyu alijitaja mbele ya Mzungu wake. Ni hayo tu alisema. Wewe unamjua, si mtu wa maneno."

Watu wa Tobias walikuja mwezi wa nane kwa gari la moshi, wakiongozwa na amu yake Zadock, mzee mnene aliyechukia safari. Walishuka barabarani Kinoo wakashika kijia cha kwenda kijijini, mahindi marefu pande zote mbili. Tobias alikuwa mbele kwa sababu ndiye aliyeijua njia.

Wakapinda, na huyo hapo Hannah anatoka mtoni na debe la maji.

Tobias akageuka aingie kwenye mahindi. Lakini Hannah alikuwa ametangulia. Alishatua debe katikati ya kijia, akaingia kwenye mahindi upande wa pili, akageuza mgongo, akainamisha kichwa. Tobias naye akaingia upande wake. Wakasimama hivyo, mtu na mkwewe, kila mmoja anangoja mwenzake apite, na aliyepita hakuna.

Zadock alifika akihema. Akatazama kulia, akaona mgongo wa Tobias unatikisika kwa kicheko. Akatazama kushoto, akaona sweta ya buluu. Aliinama, akalibeba debe la maji mwenyewe, akaenda nalo nyumbani kwa mkwe.