Mzuri Sana, Kocha

Dougal Rennie alikuwa beki, na miguu ya washambuliaji kwake ilikuwa kuni za kupasua. Goti lake mwenyewe lilipovunjika, klabu ya mji wetu wa Kilmorran ikamkabidhi timu ya watoto, mimi nikiwemo. Alitufundisha kwa matusi, mvua ikitupiga.

"We Imrie, unakimbia kama bi harusi! Mama yako anakaba kuliko wewe!"

Huku kwetu Uskoti sifa kubwa kabisa ni "si mbaya". "Mzuri sana" tunawaambia wageni tu, kwa adabu, na maiti. Rennie hakunipa "si mbaya" hata moja, hata siku niliyofunga bao lililotuletea kombe. Alitema mate tu, akaniambia nifunge kamba za viatu.

Juzi klabu ilimuaga kwa bia na pai za nyama. Akanijia, kazeeka, sahani ya pai mkononi.

"Haya, Imrie. Sema kweli. Nilikuwa kocha wa namna gani?"

Ukumbi mzima ukatugeukia, ukingoja ile "si mbaya".

Nikamtazama usoni, nikatabasamu.

"Ulikuwa mzuri sana, kocha."

Akaiweka pai yake chini.