Antena sita, stima hakuna

Leo nimeona muuzaji wa intaneti akinyamazishwa na mama wa kuchaji simu.

Nilienda ofisi ya kampuni yake hapa Kakuma kuchagua raota ya nyumbani. Nikaenda na jirani yangu, Mama Neema, Mkongo, anachajia watu simu kwa sola.

Jamaa wa mauzo akaweka raota mbili mezani. Ndogo hata hakuigusa. Kubwa akaiwasha, akaishika kama mtoto wake.

"Hii iko na antena sita, madam. Inapenya kuta zote."

Mimi naishi chumba kimoja cha mabati. Kuta gani?

Mama Neema akamuuliza, "Papa, inakula volti ngapi?"

Akacheka. "Mama, hii ni intaneti, si redio."

Kumbe hajui. Mtu anauza kitu na hajawahi hata kukigeuza.

Mama akazigeuza zote mbili, akasoma chini. Kubwa, volti kumi na tisa. Ndogo, kumi na mbili, sawa kabisa na betri yangu ya sola kule nyumbani.

Jamaa akarudia kusifu antena. Hapo hapo jenereta ya mtaa ikazima. Feni ikanyamaza. Taa za raota kubwa zikafa zote.

Mama Neema akaiangalia kwa upole.

"Sasa hizo antena sita ziko nakamata nini?"

Nimechukua ndogo. Iko kwa betri, na ndiyo natumia kuandika hii. Stima bado haijarudi.

Nyinyi mlionunua ya antena sita, mnasemaje?

Msijisumbue. Mtanijibu stima ikirudi.