Alasiri Daktari Alipokunywa Dawa ya Shangazi

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Migori, na likizo zangu nyingi nilizimalizia Homa Bay kwa shangazi yangu, kwenye kilima kinachotazama ziwa. Shangazi alikuwa mganga wa miti shamba. Wagonjwa wa sukari walimjia kutoka Rongo, hata Isebania, naye akawachemshia mzizi mmoja mchungu ambao jina lake hakumtajia mtu.

Likizo moja akaja daktari mtafiti wa chuo kikuu, mama wa makamo, mpole, aliyetaka dawa hizo zikapimwe maabara. Dholuo, lugha yetu, hakuijua, kwa hiyo nikawa mkalimani. Asubuhi nzima tulizunguka kilimani, tukichimba mizizi, tukichuma majani na kuyalaza kati ya magazeti. Siku ile naiona sasa kama kitu kilicho chini ya maji: jua jeupe, ziwa limetulia tuli, kisiwa cha Rusinga kikielea mbali ndani ya ukungu wa joto.

Saa tisa shangazi akamletea kikombe cha dawa. "Anayetaka kupima dawa yangu aanze na ulimi wake."

Daktari akacheka, akanywa yote. Muda si muda mikono ikamtetemeka, jasho likamtiririka, akawa anazungumza polepole na mtu ambaye sisi hatukumwona. Nilidhani tumemuua. Akanishika kiganja.

"Sukari," alinong'ona. "Nilijidunga insulini asubuhi."

Kumbe naye alikuwa mgonjwa wa sukari, na kwa haya ya ugeni hakuomba chakula tangu alfajiri.

Shangazi hakungoja tafsiri ndefu. Alikoroga sukari kwenye maji, akamlaza kichwa mapajani, akamnywesha kidogo kidogo. "Meza, nyathina. Meza, mwanangu." Upepo wa ziwa ulivuma juu yetu, na taratibu macho ya daktari yakarudi.

"Umeona nguvu ya mzizi?" shangazi akauliza.

"Labda ni mzizi, mama. Labda ni sindano na njaa. Ndiyo maana tunapima."

Mwaka uliofuata daktari alirudi mwenyewe na majibu. Ule mzizi haukushusha sukari ya panya hata chembe. Kilichoishusha, tena kiasi tu, ni majani ya kichaka cha uani, ambayo shangazi aliyatoa ili tu kujaza kapu la daktari.

Nilitafsiri huku nikiogopa kumtazama shangazi. Yeye akamgeukia daktari.

"Hao panya, walikuwa wanaumwa kweli?"

"Tuliwapa ugonjwa sisi wenyewe," daktari akajibu.

"Maskini," akasema shangazi.

Akamsindikiza mgeni hadi barabarani, wameshikana mikono, mimi nikabaki nyuma. Sijui walielewana kwa lugha gani.

Tangu hapo, kila mgonjwa wa sukari aliyekuja, shangazi alimwuliza kwanza kama amefika hospitali. Asiyefika alimwelekeza huko, akiwa na uji tumboni, na mara mbili nilimwona shangazi akifunga mlango na kumpeleka mgonjwa yeye mwenyewe.