Foleni Niliyoibeba Begani

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nilifika kwenye kioski cha maji hapa Rongo nikiwa na kamba. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mwenye miaka arobaini na saba, na kila siku kabla ya masomo huokota plastiki zilizotupwa nikauze. Nilikuwa nimehamia juzi tu kutoka kijijini Osiri.

Kioski kilikuwa kimefungwa. Mbele yake palikuwa na mitungi mikuukuu ya plastiki, mingine imepasuka, mingine ina mawe ndani. Nilimwaga mawe huku nikisikitikia ustaarabu wa watu wa mjini, kisha nikapitisha kamba kwenye vishikio, mtungi mmoja baada ya mwingine, kuanzia mlangoni hadi barabarani.

Niliubeba mzigo begani hadi kwa mnunuzi wa plastiki, naye alikuwa ameshaupima niliposikia kelele nyuma yangu.

"Mzee, jaduong', hiyo ni foleni yetu!" Alikuwa Mama Akinyi, jirani yangu, na wenzake, wote wamebeba mitungi mizima. "Maji hutoka mara moja kwa wiki, na tumeweka hiyo mitungi itushikie nafasi tangu jana!"

"Msomi ameuza foleni!" mwingine akadakia.

Papo hapo kila mmoja akadai kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nikaubeba tena mzigo, nikawaomba wanifuate hadi kioskini. Nililaza kamba chini kuanzia mlangoni, mitungi ingali juu yake kwa mpangilio uleule, na kila mtungi ukarudi mahali pake. Ugomvi ukaisha.

Mama Akinyi akaugusa wake, wa tatu, akacheka. "Kumbe ulitutunzia vizuri! Sasa rudisha mawe, upepo usiipeperushe."

Niliyarudisha yote nikitabasamu, wanafunzi wenzangu waliokuwa wakipita kwenda chuoni wakitazama. Nilikosa shilingi sabini za mnunuzi.