Nilipoipunguza Mikono ya Moraa

Siku niliyomwona Moraa akitupa tufe kwa mara ya kwanza naikumbuka vizuri, kwa sababu nilisahau kumpiga picha. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imenipeleka uwanjani, mwanangu, na bado nilisimama na kamera kifuani kama mtu aliyekuja kuuza karanga.

Nakuita mwanangu na najua utacheka, maana sijafika hata miaka thelathini na mitano na kichwani sina mvi. Lakini umenunua kamera majuzi, na umekuja kuniuliza namna ya kumfanya mtu apendeze kwenye picha. Kwa swali hilo mimi ni mzee wako. Nimelikosea kabla yako, na majuto ni mjukuu.

Wakati huo nilikuwa na kibanda karibu na soko la Daraja Mbili, nikitengeneza mabango ya harusi, ya mazishi na ya maduka. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, video moja baada ya nyingine, na kwa kuwa sikuwa na cheti cha kutundika ukutani, kila siku niliogopa kwamba kuna mtu angegundua kuwa sijui kitu. Woga huo ulinifanya niwe mtu wa kufuta. Nilifuta chunusi za maharusi, nikafuta mikunjo ya wazee. Bango moja la mazishi nililirudia mara tisa, hadi ndugu za marehemu wakanikumbusha kwamba mazishi ni kesho. Mimi nikadhani huo ndio ustadi.

Basi mzee mmoja mwenye kinu, Bwana Ombati, akataka bango la unga wake wa wimbi, yaani ulezi. Alikuwa amesikia habari za binti wa Nyamira aliyekuwa akiwashinda wote wa upande wetu kwa kutupa tufe. Wakakubaliana, nami nikapanda hadi uwanja wa shule iliyo karibu na kwao.

Moraa alikuwa mrefu kidogo kuliko mimi, lakini mabega yake yangejaza mlango. Alililaza lile tufe la chuma shingoni, chini ya taya, akatulia kama anayesali. Akachutama. Akageuka, na nguvu ikaanzia kisiginoni, ikapanda pajani, ikapita kiunoni, ikafika begani, ikatoka kwenye vidole pamoja na sauti iliyowafanya ng'ombe wa jirani wainue vichwa. Tufe likaruka. Nilikuwa sijawahi kuona mwili wa mtu ukikubaliana na nafsi yake kiasi kile, kila kiungo kikijua zamu yake.

"Dada," akaniita huku akicheka, "kamera ndiyo imekwama au ni wewe?"

"Ni mimi. Tafadhali tupa tena."

Akatupa mara kumi na mbili, bila kulalamika.

Nilirudi kibandani na picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Bwana Ombati akaja, akasimama nyuma ya kiti changu, akaitazama skrini, akaguna.

"Madam, huyu ukimwacha hivi watu watasema nimemweka mwanaume. Mpunguze kidogo. Mfanye awe msichana."

Ningeweza kukataa. Nakuambia ukweli: nilifurahi. Kumwelezea mtu kwa nini picha ni nzuri sikujua, lakini kufuta nilijua. Nikaipunguza mikono. Nikalichonga bega, nikaipunguza shingo, nikaing'arisha ngozi kidogo. Chini ya taya nilikuta alama nyeusi, ngozi ngumu kama ya kiwiko. Nikaifuta kama mtu anayepangusa meza. Jioni ilipofika, kwenye skrini palikuwa na msichana mwembamba aliyeshika tufe kama anayeshika chungwa.

Bango likatundikwa penye njia ya kuingilia sokoni. Watu walilisifu, nami nilipita hapo mara nne kwa siku ili nisikie.

Siku ya tatu Moraa mwenyewe akaja kuuza ndizi, akiwa na bibi yake aliyemlea, ambaye yeye alimwita Magokoro, kama tunavyowaita bibi zetu huku. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikingoja sifa zangu. Bibi akaweka mkono juu ya macho, akalitazama bango.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni mimi, Magokoro."

"Wewe nakujua. Nimeuliza huyu."

Wauza mboga wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, huyo ni mjukuu wako akishakonda kwa mapenzi!" Moraa akacheka pia. Nami nikacheka. Ila nilimwona akibaki kulitazama lile bango baada ya kicheko kwisha, kisha akaivuta mikono ya sweta lake hadi kwenye vifundo vya mikono. Jua lilikuwa kali. Pale ndipo ningepaswa kutafuta kisu nikakate kamba. Badala yake nilirudi kibandani kumalizia kalenda ya kanisa.

Baada ya mwezi mmoja hivi, bibi yule akaja kibandani peke yake, akitembea kwa fimbo. Nilimpa kiti, akakataa. Alizungumza Kigusii, polepole, kama mtu anayehesabu mawe ya kuvukia mto.

"Moraa anakula vijiko vitatu vya ugali, anasema ameshiba. Tufe linamwangukia karibu. Nimemuuliza, anasema anataka kufanana na yule wa sokoni. Mchujo wa kwenda taifa umebaki wiki mbili."

Nikazima skrini.

"Mimi nilivunjika nyonga nikichuma chai. Mvua ilikuwa imenyesha, gari lisingeweza kushuka kwenye tope lile. Mtoto huyu alininyanyua akanipandisha kilima kizima, hakunipumzisha chini hata mara moja. Ile mikono uliyoitoa ndiyo iliyonibeba. Nimekuja kukuuliza, umeiweka wapi?"

Mwanangu, nimewahi kugombezwa na wateja, na mabwana harusi, hata na mchungaji. Hakuna swali lililowahi kunivua nguo kama lile.

"Na ile alama ya shingoni?"

"Nilidhani ni uchafu, mama."

"Ndipo tufe linapolala. Miaka saba limelala hapo. Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Unatazama watu kutwa nzima, na huulizi." Akageuka, akaenda zake.

Mchana ule ule nikalishusha bango. Bwana Ombati akaja juu, akasema nimemharibia biashara. Nikamwambia, "Mzee wangu, unga wako umeuandika kwamba unaleta nguvu. Sasa nguvu ikionekana unaogopa?" Akajikuna kidevu. "Haya, weka hiyo yako. Lakini wakicheka, ni juu yako." Nikatundika picha ya kweli, na chini yake jina la Moraa na umbali aliotupa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakuna aliyecheka. Vijana wa mkokoteni walisimama chini ya bango wakabishana ni nani kati yao angeweza kulitupa tufe hata nusu ya umbali ule.

Kwa Moraa haikuwa rahisi hivyo. Nilimfuata kwao, nikamkuta akipepeta maharagwe uani, nikampa picha zote mbili na kumwambia kila nilichofanya, kiungo kwa kiungo. Akazilaza juu ya ungo, moja kando ya nyingine.

"Kwa hiyo uliniona nimechafuka."

"Ndiyo. Nilikosea."

"Mimi nikadhani wewe ndiye unayejua," akasema. "Si ndiwe mwenye kamera?"

Hasira yake niliikubali yote, ilikuwa haki yake. Kutoka siku ile alirudi kula, bibi yake akimsimamia kwa ugali wa wimbi na mboga za kienyeji. Lakini bango hubadilishwa kwa saa moja. Mwili uliofundishwa kujionea haya haurudi kwa wiki mbili.

Siku ya mchujo nilikuwepo. Alitupa vizuri, alitupa kwa moyo, na akakosa kufuzu kwa shubiri moja. Nyoosha vidole vyako uione shubiri, mwanangu. Mimi huiona mara nyingi. Alikaa chini kwenye vumbi kando ya duara la kutupia, nami nikaanza kufunga kamera kwa aibu.

"Nyaboke!" akaniita. "Unaficha nini? Piga. Piga nikiwa hivi hivi."

Nikapiga. Jasho, vumbi la chaki ya kuzuia tufe kuteleza shingoni, ile ngozi ngumu chini ya taya, mikono miwili mikubwa imelala magotini, na macho ya mtu ambaye hajamaliza. Sikugusa kitu kwenye picha ile.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka uliofuata alifuzu na kupitiliza, na bibi yake akapiga vigelegele mpaka fimbo ikamtoka. Hata siku hiyo, mtangazaji mmoja wa redio alimwendea, na badala ya kumuuliza juu ya tufe, akamuuliza ni mwanaume gani atakayethubutu kumwoa mwenye mikono kama ile. Moraa akamjibu, "Aje na shamba la kulima tu. Mikono ninayo." Nilimwonea wivu mtangazaji yule kwa jibu alilopewa, ingawa hakustahili kulipata.

Sasa sikia. Hujaniuliza juu ya Moraa, umeniuliza juu ya kupendeza, lakini mimi sina jibu lingine. Mwanamke wa michezo akisimama mbele yako, mtazame kwanza akiwa kazini, ndipo utajua mwili ule ni wa nini. Ukikuta kovu, sugu, au msuli usiouzoea, usiupe jina wewe. Muulize mwenyewe, na usubiri jibu lake. Mteja akikwambia umpunguze, mwambie hapana mapema, mkono wako ukiwa bado haujafika kwenye skrini, maana ukishaanza hutajua pa kuachia. Mimi sikujua. Andika jina lake, andika alichofanya. Na kama unaogopa kwamba hujui kazi, kama nilivyoogopa mimi na kama ninavyoogopa hata leo, usiutibu woga wako kwenye ngozi ya mtu mwingine. Ulichofuta wewe, yeye ndiye atakayejaribu kuishi bila hicho.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la kustaajabu kabla ya mkono wa kurekebisha. Na mabinti wote watakaosimama mbele ya kamera yako awarudishe makwao salama, waketi mezani na njaa yao, wale, washibe, na kesho wawe na nguvu.